Mwaka Mzima wa Ngumi Moja

Mzee alikwenda hatua kumi na mbili, akageuka, akarudi hatua kumi na mbili. Mkono unapanda, mkono unashuka. Hakuna kingine. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la bustani mjini Tianjin, China, na karatasi ya maneno ya Kichina niliyotakiwa kuyakariri siku hiyo. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza, ule wa kujifunza lugha kabla ya kuingia kwenye masomo yenyewe ya uhandisi wa ujenzi. Karibu yangu wazee wengine walikuwa wakiandika kwa brashi ndefu zilizochovywa kwenye maji, herufi kubwa juu ya vigae vya njia, na herufi za kwanza zilikauka kabla mstari haujaisha. Wengine walikuwa wametundika vizimba vya ndege mitini. Nilikariri karatasi nzima, nikainua macho, na yule mzee bado alikuwa akipandisha na kushusha mkono.

Siku ya tatu nilimwuliza, kwa Kichina cha kuokoteza, ule ni mchezo gani. Akasema: Xingyi. Nikauliza ile ngumi inaitwaje. Pi. Nikauliza ziko ngapi. Akanionyesha vidole vitano, kisha akavikunja vinne, akabakiza kimoja.

Tangu nirudi nyumbani, vijana wanaonijia kuuliza habari za kungfu ya ndani karibu wote huanza na ile chati ya elementi tano: chuma, maji, mti, moto, udongo, kipi kinazaa kipi, kipi kinashinda kipi. Nawaelewa. Mimi pia niliingia kwa mlango huo, na ulinichelewesha sana.

Kwa asiyeijua kabisa, iko hivi. Wachina wana michezo mitatu mikubwa inayohesabiwa kuwa ya ndani: taijiquan, baguazhang na xingyiquan. Ya ndani kwa maana kwamba nguvu hutafutwa kwanza kwenye mpangilio wa mifupa, pumzi na nia, misuli inafuata baadaye. Kati ya hiyo mitatu Xingyi ndiyo isiyozunguka: inakwenda mbele, moja kwa moja. Uti wake wa mgongo ni ngumi tano. Pi ni ngumi ya kupasua, imepewa chuma na hufananishwa na shoka. Zuan ni ya keekee, inatoboa ikipanda, nayo ni maji. Beng inakwenda kama mshale, ni mti. Pao ni ya mzinga, moto. Heng inakingama, udongo. Baada ya hizo kuna maumbo kumi na mawili ya wanyama, joka, chuimilia, nyani, farasi na wenzao, lakini hayo leo siyagusi.

Chuma huzaa maji, maji huzaa mti, mti huzaa moto, moto huzaa udongo, udongo huzaa chuma. Huo ndio mzunguko wa kuzaa. Wa kushinda unakwenda hivi: chuma hukata mti, mti hupenya udongo, udongo huzuia maji, maji huzima moto, moto huyeyusha chuma. Kila kimoja kina kiungo chake mwilini, mapafu, figo, ini, moyo na wengu, na kina rangi yake. Nilivikariri vyote jioni moja. Nilichora jedwali kwa kalamu za rangi, nikalibandika juu ya kitanda bwenini, na asubuhi nikampelekea yule mzee, ambaye sasa alikuwa mwalimu wangu, nakala ndogo ndani ya daftari. Alilitazama kwa heshima, akalifunga daftari, akaliweka kwenye benchi, akaniambia nisimame.

Kusimama kwenyewe kunaitwa Santi. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, uzito mwingi nyuma. Wengine hufundisha sita kwa nne, wengine saba kwa tatu. Mkono wa mbele uko usawa wa bega, wa nyuma chini ya kitovu, utosi kama umefungwa uzi unaouvuta juu. Mwalimu alisahihisha vitu viwili au vitatu kwa ncha ya kidole, kisha akaendelea na Pi yake. Dakika ya nne mapaja yalianza kutetemeka.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu kubwa la mwanzo. Kwenye bustani ileile kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akisimama dakika arobaini, nami nikaamua kumfikia kabla ya mwaka mpya. Nikawa nasimama kwa saa ya simu. Kila jioni bwenini naongeza dakika moja, peke yangu, bila mtu wa kunitazama. Uzito ukichoka kukaa kwenye nyonga huteremka kwenye goti, na goti likichoka huanguka kwa ndani. Sikuliona hilo kwa sababu nilikuwa natazama saa. Mwezi wa Desemba nilishindwa kupanda ngazi bila kushika ukuta. Daktari aliniambia nipumzike wiki sita. Mwalimu aliposikia hakunigombeza. Alichuchumaa mbele yangu, akaweka kiganja kwenye mkunjo wa kinena changu, akasema kitu ambacho nilikielewa nusu: hapa pakikunjika, goti halina kazi, pasipokunjika, goti litabeba kazi ya watu wawili.

Tangu siku hiyo najua goti langu liko wapi kuhusiana na kidole gumba cha mguu, hata nikiwa kwenye foleni ya benki. Kwa mtu anayeanza nasema hivi bila kusitasita: dakika tano na goti likiwa mahali pake zina faida kuliko arobaini za kujivunia. Na kama huna mtu wa kukutazama, tafuta kioo.

Wiki zile za kupumzika niliendelea kwenda bustanini kukaa tu, na hapo ndipo mwalimu aliponisimulia habari za Li Luoneng. Katika karne ya 19 mtu huyu alitoka wilaya ya Shen, mkoa wa Hebei, akaenda mpaka wilaya ya Qi huko Shanxi kujifunza kwa ukoo wa Dai. Hakuwa kijana; wanasimulia alikuwa na miaka thelathini na saba. Miaka miwili alifundishwa Pi peke yake, pamoja na nusu ya ule mfuatano unaounganisha ngumi zote. Siku ya kuzaliwa ya mama wa mwalimu wake, wanafunzi walionyesha walichonacho, naye akaonyesha hicho kimoja na nusu. Mama akauliza kulikoni. Akajibiwa kwamba ndicho alichofundishwa miaka yote miwili. Mama akamwamuru mwanawe amfundishe yaliyobaki. Karibu kila tawi la Xingyi la Hebei leo linahesabu nasaba yake kupitia mtu huyo wa ngumi moja na nusu.

Nilimwuliza mwalimu kama mama yule asingeingilia ingekuwaje. Akasema labda Pi ya Li ingezidi kuwa nzuri. Aliisema kama jambo la kawaida tu, akainuka kwenda kumwekea ndege maji.

Jina la Kichina la zile elementi tano nililielewa darasani, kwa mwalimu wetu wa lugha. Tulikuwa tunasoma majina ya vyombo vya usafiri, tukafika kwenye baiskeli: zixingche. Akatuchambulia: zi ni chenyewe, xing ni kwenda, che ni chombo cha magurudumu. Akaandika ile herufi ya xing ubaoni, akatuonyesha umbo lake la kale, ambalo ni njia panda. Niliitazama herufi ile nikahisi nimeiona mahali. Jioni nikafungua daftari: ilikuwa kwenye jedwali langu. Wu xing. Wu ni tano, na xing ni ileile ya kwenye baiskeli. (Xing ya jina Xingyi ni nyingine, maana yake umbo, hutamkwa vilevile lakini huandikwa tofauti, na ilinichanganya kwa miezi.)

Mimi siku zote nilikuwa nimezisoma hizo tano kama elementi, kama zile za chati ya kemia ya kidato cha pili. Vitu. Vimekaa kwenye visanduku vyao. Kumbe Wachina wa kale waliziita mienendo mitano. Chuma hapo hakimaanishi kipande cha chuma. Ni mwenendo wa kitu kizito kinachoshuka na kukata. Maji ni mwenendo wa kinachopinda, kinachotafuta upenyo. Nilipomwambia mwalimu, ambaye maisha yake yote ya kazi aliyatumia kiwandani akiunganisha baiskeli, alicheka mpaka akafuta macho, akasema miaka thelathini amekuwa akitengeneza xing na hajawahi kuifikiria.

Baadaye sana, Kichina changu kilipokomaa, nilisoma alivyoeleza Sun Lutang, mwalimu mashuhuri wa michezo hii ya ndani, katika kitabu chake cha Xingyi cha mwaka 1915, na kikakazia jambo lilelile. Kwake ngumi zote tano ni pumzi moja. Pi ni pumzi hiyo ikipanda na kushuka. Zuan ni pumzi ikipita kwa kujipinda. Beng ni ikinyooka na kujikunja, Pao ikifunguka na kufumba, Heng ikijikusanya kuwa donge. Kitu ni kimoja, mienendo ni mitano. Ningelisoma hilo mwezi wa kwanza ningelikariri kama nilivyokariri jedwali, na lisingenisaidia chochote.

Maana mwili wangu ulikuwa bado unasukuma. Pi inaonekana rahisi: ngumi inapanda katikati ya kifua mpaka usawa wa mdomo, mguu unakwenda, mkono wa pili unapanda juu ya wa kwanza, unafunguka kuwa kiganja na kushuka mbele huku ule mwingine ukirudi tumboni. Mkono na wayo vifike pamoja. Mimi nilikuwa nausukuma mkono chini kwa bega. Miezi mingi mwalimu alikuwa ananigusa bega na kutikisa kichwa.

Kilichonifungua ni bibi. Nimekulia Lushoto, na Lushoto kuna baridi, kwa hiyo kuni ni kazi ya kila siku. Nikiwa na miaka tisa au kumi bibi alinikabidhi shoka, nikawa napiga magogo ya mkaratusi kwa hasira, shoka linanasa, mikono inauma. Aliniambia: "Mjukuu wangu, shoka lina uzito wake. Wewe linyanyue tu, halafu uliachie njia." Sikuwahi kulikumbuka mpaka asubuhi moja ya Januari, kibaridi cha chini ya sifuri, mikono imekufa ganzi kiasi kwamba sikuwa na nguvu ya kusukuma chochote. Mkono ulishuka wenyewe. Nilihisi uzito ukitoka kwenye kiwiko, ukapita mgongoni, ukafika kisigino cha nyuma. Mwalimu, aliyekuwa mbali kidogo akinywa chai kwenye chupa yake, akasema "Dui." Ndiyo. Kwa miezi minne lilikuwa neno lake la kwanza la kusifu.

Nilibaki na Pi mpaka vuli iliyofuata. Mwaka mzima, kasoro zile wiki za goti.

Zuan sikufundishwa kwa maana ya kufundishwa. Siku moja nilipofika mwisho wa mstari, mkono uko chini, mwalimu aliweka kiganja chini ya mkono wangu kana kwamba anaupokea, kisha akakiondoa ghafla. Mkono ukapanda. Kiwiko kilikuwa kimezama, kiuno kimejikunja kidogo, na mwili wote ulikuwa kama springi iliyobanwa. Usipoukaza, unataka kurudi juu, na ukirudi juu unajisokota. Hiyo ndiyo Zuan. Chuma huzaa maji. Nilisimama pale na mkono wangu usawa wa pua, nikakumbuka lile jedwali la juu ya kitanda, na kwa mara ya kwanza mstari wake mmoja ulikuwa na maana ndani ya mbavu zangu. Matawi mengine hutanguliza Beng kabla ya Zuan, nayo yana sababu zake. Mimi naeleza nilivyopokea.

Beng nayo ilikula kiangazi chote. Ndiyo ngumi ya Guo Yunshen, mwanafunzi wa Li Luoneng, ambaye sifa yake ilikuwa nusu hatua: mguu wa mbele unasogea, wa nyuma unafuata lakini haupiti, na ngumi inafika pamoja nao. Yapo masimulizi kwamba aliipata gerezani kwa sababu ya pingu za miguuni. Liwe kweli au la, ukijifunga hivyo kwa hiari unagundua kwamba nguvu ya Beng iko kwenye mguu wa nyuma unaofika, wala haiko kwenye ule wa mbele unaoondoka. Nilikuwa natoka jasho mpaka viatu vinalia.

Mwaka wa tatu ndipo alipotupanga wawili wawili. Mwenzangu alikuwa dereva mstaafu wa basi, niliyemwita Shushu, yaani baba mdogo, kama adabu yao inavyotaka. Mduara wa kushinda una mazoezi yake: mmoja anapiga Beng, wa pili anaipokea kwa Pi, kwa sababu chuma hukata mti, wa kwanza anaijibu Pi kwa Pao, kwa sababu moto huyeyusha chuma, na kuendelea. Taratibu, nilikuwa hodari. Shushu alipoongeza kasi nikaanza kufikiri: hii ni Beng, Beng ni mti, mti unashindwa na... Ngumi yake ilikuwa imeshafika kifuani, ikaniketisha kwenye majani. Akanipa mkono kuniinua, uso umemwiva kwa aibu kuliko mimi. Mara tatu siku hiyo.

Mwalimu alitusimamisha. Akatuambia tugusanishe mikono kuanzia kiwiko hadi kifundo, tufumbe macho, na Shushu anisukume polepole bila mpangilio. Hakuna majina. Wiki mbili tulifanya hilo tu, na nikiwa nimefumba macho, uhandisi wangu ukaja kunisaidia pale ambapo chati ilishindwa. Beng ni nguzo: inabeba mzigo ukija kwa urefu wake, huwezi kuizuia kwa kusimama mbele yake. Lakini nguzo nyembamba ukiielemea kutoka upande, inapinda. Pi inaangukia juu ya mkono unaokuja, kwa kukata mstari wake. Ndiyo maana yote ya chuma kukata mti. Pao inaijibu Pi kwa sababu mkono mmoja unainuka ukijizungusha na kuuteleza ule unaoshuka, huku wa pili ukiingia palepale. Lakini Pao, kwa kuinua mkono, inaacha mlango wazi katikati, na Zuan inapanda kupitia mlango huo. Zuan ikipanda, Heng inaisukuma ubavuni na kuitoa njiani. Na Heng, kwa kuwa inakwenda upande, Beng inaiwahi kwa njia fupi.

Nilipoyaona hivyo, sikuhitaji tena kukumbuka kipi kinashinda kipi. Chati ni kumbukumbu ya pembe, iliyoandikwa na watu ambao mikono yao ilishazijua pembe hizo. Kuisoma kwanza ni kama kusoma ramani ya jengo kabla hujawahi kuona nyumba.

Kuna jambo moja ambalo sitalinyamazia. Mwalimu aliamini, kama walimu wake walivyoamini, kwamba Pi huyaweka sawa mapafu na Beng huliweka sawa ini. Namheshimu sana, na ni kweli kwamba kushusha mkono pamoja na pumzi ndefu kulinifundisha kupumua hadi chini ya kitovu, jambo ambalo lilinisaidia hata kwenye mitihani. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa ini aende hospitali. Nimeshakutana na watu huku kwetu wanaowauzia wagonjwa mazoezi ya elementi tano kama dawa, na inaniuma kila ninapolisikia jina la kitu ninachokipenda likitumika hivyo. Yule mzee mwenyewe, nilipokohoa wiki mbili mfululizo, alinituma kwa daktari kwanza, ndipo akaniambia nirudi kwenye Pi.

Heng ndiyo niliyoondoka nayo ikiwa mbichi. Ni ya udongo, na wanasema udongo umo ndani ya nne nyingine zote: kila mkono unapopanda, kuna mkingamo ndani yake, ila usionekane. Yangu ilikuwa inaonekana. Ilikuwa ni mkono unaofagia hewa. Siku ya kuaga, mwalimu, ambaye tangu mwaka wa pili nilikuwa namwita Shifu, yaani mwalimu, alinishika kifundo cha mkono na kukizungusha kidogo tu, kama mtu anayefunga bomba la maji, na mwili wangu wote ukaondoka kwenye mstari. Akarudia mara tano ili nikumbuke. Kisha tukaenda kula tambi.

Sasa nafanya kazi Morogoro, kwenye miradi ya barabara. Alfajiri kabla magari ya kazini hayajaja, nina kama mita kumi za saruji nyuma ya ofisi. Miezi michache iliyopita nilirekodi Heng yangu kwa simu, mara nne kwenda na mara nne kurudi, nikamtumia Shifu. Nilikuwa nimeifanyia kazi karibu mwaka, na kusema kweli nilingojea ile "Dui." Jibu lilikuja baada ya siku mbili, kwa sababu mjukuu wake ndiye anayemshikia simu. Neno moja: Pi.

Niliirudia ile video nikaitazama bila sauti. Kila Heng ilipoisha, kabla sijaanza nyingine, mkono ulikuwa umening'inia tu, hauna uzito, hauna cha kushusha. Udongo haukuwa umezaa chochote. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nikaanza mwanzo wa mstari: mkono unapanda, mkono unashuka. Kisigino cha nyuma bado kinachelewa kidogo, hasa upande wa kushoto.